Maswali ya Gari la Bububu

Kampala, 9 Agosti 1956

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Baada ya salamu na kukutaka hali, mimi huku ni mzima, ila baridi ya asubuhi, na ndizi za kupika ambazo sasa nazila bila ya kubembelezwa. Natumai na nyinyi hamjambo, wewe na baba, na Bi Kidawa na binti yake Tabia hapo jirani, na kwamba lile jino lako limeacha kukusumbua.

Barua hii mama isome kwanza peke yako. Ukifika mwisho utajua namna ya kumwambia baba, maana wewe ndiye unayejua wapi pa kumshika.

Nimeacha sayansi. Sikufukuzwa wala sikuanguka mtihani. Nimekwenda mwenyewe kwa mkubwa wa masomo nikaomba nihamishwe, na tangu mwezi uliopita nasoma historia. Najua baba aliponisindikiza bandarini aliwaambia watu wote, mpaka wachukuzi, kwamba anamsafirisha daktari. Mwaka mzima nimekuwa nikipasua vyura na kukuandikieni kuwa masomo yanakwenda vizuri. Hayakuwa yakienda vizuri. Nilikuwa naamka sina hamu hata ya kuvaa viatu. Siku moja mvua ilinifungia maktaba, nikachukua kitabu cha habari za pwani yetu ili nipoteze wakati tu, na mvua ilipokatika mimi sikuondoka.

Baba atauliza historia ni kazi gani. Mgonjwa akiletwa utampa tarehe anywe? Naisikia mpaka sauti yake. Ninalolijua ni kwamba bila ya radhi yake hata nikipasi sitaona kheri. Sitaki maneno mengi. Nataka yale yale anayoniandikia kila mara chini ya barua yako kwa kalamu yake: "Kula vizuri. Usilale na dirisha wazi. Baba yako." Akiandika hayo tu nitajua amekuwa radhi nami.

Huku wa kwetu tuko wachache. Yule mwenzangu niliyekuja naye yuko kwenye udaktari, na siku hizi tukikutana ananiamkia taratibu kama mtu aliyekuja matangani. Nisaidie mama.

Mwanao,
Miraji


Unguja, Mfunguo Nne, sawa na 28 Agosti 1956

Mwanangu Miraji,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hatujambo wala hatuna ila kheri, sijui wewe huko na hiyo baridi. Jino limeng'olewa. Baba yako alinipeleka mwenyewe na akasimama mlangoni kumsimamia daktari wa watu asikosee.

Barua yako nimeisoma peke yangu jikoni, nikaunguza mchuzi. Nikakaa nayo mpaka Ijumaa, kwa kuwa baba yako akitoka msikitini Ijumaa huwa laini. Nikampikia pweza wa nazi. Alipokwisha kula nikamwambia. Hakupiga kelele, na mimi ningependa apige. Alinawa, akajifuta kidole kimoja kimoja kama anavyofanya kabla ya kumchoma mtu sindano, akauliza, "Keshahama au anataka kuhama?" Nikamwambia keshahama. Akasema, "Basi anatwarifu, hatuulizi." Akavaa kofia yake akatoka.

Na mimi nimekasirika nawe, sikufichi. Maisha yake yote baba yako ni dresa, anafunga vidonda vya watu, na kila daktari akipita wodini yeye anasimama. Alitaka siku moja apite mwanawe, asimame kwa furaha. Kuhama hakuniudhi. Kilichoniudhi ni kutwambia jambo likiwa limekwisha, kama kwamba sisi ni watu wa mtaa wa pili.

Lakini radhi yangu unayo, unayo tangu tumboni, usijitie wasiwasi na hiyo. Ya baba yako ndiyo ya kungoja. Barua hii nimemwachia nafasi chini kama kawaida. Imekaa mezani tangu Jumamosi na kalamu juu yake, na kila akipita anaizunguka. Leo naipeleka posta ilivyo. Utaiona nafasi yenyewe. Usilie. Yule mtu namjua, huchelewa kukasirika na huchelewa kupoa.

Mama yako


Kampala, 3 Oktoba 1956

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mzima, na nashukuru kusikia mu wazima. Ile nafasi nyeupe chini ya barua nimeiona. Nimeitazama sana kuliko maandishi yenyewe.

Nikuambie mambo ya masomo, labda baba atasikia akiwa anajifanya hasikii. Tumesoma wafalme wa Uingereza mpaka najua nani alimwacha nani kwa talaka gani. Unguja haitajwi ila pale Mzungu anapotia nanga. Ila mwalimu wetu, mzee mmoja wa Kiingereza mwenye kikohozi, ametufundisha jambo moja ninalolipenda. Anasema kila karatasi mtu akiishika aihoji: nani kaiandika, anataka tuone nini, na nini hakukiandika. Hilo la mwisho, anasema, ndilo kubwa.

Kila mmoja wetu atatoa insha ndefu. Wenzangu wamechagua vita na mikataba. Mimi nimeomba gari la moshi la Bububu. Mwalimu alicheka, kisha akaona sicheki. Nimepata ripoti za wakubwa wa wakati ule, na zote ni malalamiko ya hasara na makaa. Abiria hamna hata mmoja. Ukizisoma ripoti utadhani lile gari lilikuwa likenda na kurudi tupu. Nami nakumbuka tukipita njia ya Bububu baba alikuwa akinionyesha kwa fimbo pale reli ilipokuwa, akiguna peke yake, wala haniambii anachogunia.

Humu ndani mna bahasha ndogo, ni ya baba. Mna maswali matano ya gari hilo. Tafadhali usiifungue wala usimsomee. Nataka ajue nimemuuliza yeye, sikupitia kwako. Akijibu moja tu, hata kwa matusi, mimi basi.

Nimekununulia marashi kwa Mhindi mmoja wa hapa. Yuko mtu anakuja huko mwezi ujao, atakuletea, ujipake harusi ya Tabia.

Jioni huwa natembea mpaka pale kilima kinapoanza kushuka. Kuna ziwa upande huo, lakini halina harufu ya chumvi. Nafika, nageuka, narudi.

Mwanao,
Miraji


Unguja, Mfunguo Sita, sawa na 26 Oktoba 1956

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, ila baba yako ana kikohozi alichokipata usiku wa Maulidi. Mvua ilinyesha, watu wakakimbilia barazani, yeye akabaki uwanjani, eti msoma Maulidi haachwi peke yake. Mtu wa hospitali, lakini ukimwambia anywe dawa anakwambia dawa ni za wagonjwa.

Bahasha yako nimempa mkononi. Akaigeuza, akaona ni jina lake peke yake, akanitazama. Nikamwambia, "Mimi sijui chochote." Akaenda nayo dirishani, akaisoma, akaisoma tena, akaikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti. Tangu siku ile koti halitoki mwilini, liwe joto lisiwe. Mimi sikuuliza, na wala siulizi.

Huku mji mzima ni harusi ya Tabia, mwezi ujao mwishoni. Bi Kidawa kachanganyikiwa, kila siku anahesabu wageni na kila siku hesabu haiji. Mimi ndiye msimamizi wa hina na mkuu wa biriani, na sare ya ngoma ya lelemama tumeshachagua, rangi ya papai bivu. Marashi yako yatafika wakati wake. Tabia mwenyewe kutwa yuko dirishani, eti amchungulie mchumba akipita. Nikamwambia, "Mwanangu tulia, mimi na mume wangu tulionana siku ya harusi, wala hatukufa." Bi Kidawa akasema na wewe bibi, hizo zilikuwa zama za Nuhu.

Nafasi chini nimeacha. Ikija tupu usivunjike moyo, walau safari hii hakuizunguka meza. Alikaa akaishika kalamu, akapigwa na kikohozi, akainuka.

Mama yako


Kampala, 10 Desemba 1956

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Wiki nyingi sasa sijapata barua, nami najifariji kwamba harusi imekuchukua mikono na miguu. Bila shaka ilifana. Nasubiri unisimulie kuanzia hina mpaka mwisho, nani alicheza na nani alinuna.

Wenzangu wengi wamekwenda kwao kwa mapumziko, bweni limebaki na mimi na mlinzi. Nakula peke yangu kwenye meza ya watu arobaini. Insha inakwenda, ila imekaa kama nyumba isiyo na watu. Nina njia ya reli, nina mabehewa, nina hasara. Baba kikohozi kimepoa? Kanijibu hata moja?

Mwanao,
Miraji


Unguja, Mfunguo Nane, sawa na 20 Desemba 1956

Mwanangu mpenzi Miraji,

Assalamu alaykum. Nakujulisha kuwa mimi mzima, namshukuru Mungu, natumai nawe u mzima. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Harusi ya Tabia imepita salama, na wanasema ilifana sana. Biriani wanasema ilizidi chumvi kidogo lakini ililika. Marashi yako yamefika, mtu wako ni muungwana, aliyaacha kwa Bi Kidawa naye akaniletea. Nimeyaweka kabatini. Bi Kidawa ndiye anayenifanyia soko siku hizi, Mungu amlipe. Asumini za uani zimechanua vibaya sana mwaka huu, nimewaachia watoto wa jirani wanachuma wanavyotaka. Watu bado wanagonga mlango kuomba dawa ya macho, na mimi nawaambia hayupo. Homa iliyompata baba yako hapa kati imekwisha, usiwe na wasiwasi nayo tena. Wewe shughulika na mtihani wa Machi tu, usiwaze ya huku, ya huku yana wenyewe. Kula vizuri mwanangu, na jifunike. Bi Kidawa anakusalimu, na Tabia na mumewe wanakusalimu, na ami yako Silima anakusalimu sana na amesema nikuandikie kwamba usome. Ukimaliza mtihani uje. Usije kabla.

Mama yako


Kampala, 30 Januari 1957

Mama,

Leo sianzi na salamu, unisamehe. Nikianza na salamu sitafika.

Barua yako ya mwisho niliisoma siku niliyoipata nikafurahi. Nikaiweka. Juzi nilikuwa nafundishwa namna ya kuhoji karatasi moja ya balozi fulani, na mwalimu anauliza nini hakukiandika, mimi nikajikuta naiwaza barua yako. Nikarudi chumbani nikaitoa.

Mama, unasema "wanasema" harusi ilifana. Wewe msimamizi wa hina, uliyechagua sare, nyumba yenyewe ukuta kwa ukuta na yetu, unasimuliwa harusi na watu? Marashi hujayafungua. Asumini unawaachia watoto, wewe ambaye hukulala hata siku moja bila ya kikuba cha maua yake kifuani. Soko unafanyiwa. Wagonjwa unawaambia hayupo, huwaambii baba karudi saa ngapi. Homa imekwisha, lakini kikohozi hukitaji. Salamu nimezihesabu moja moja, na baba hamo.

Na barua imejaa mpaka ukingoni. Hukumwachia nafasi.

Nilijaribu kuisoma kwa njia nyingine. Nilijiambia umeumwa mguu. Nilijiambia mmegombana. Kila njia ilinirudisha pale pale. Mama, umo katika eda?

Hukuandika uongo hata mmoja, nimeutafuta sikuupata. Basi niandikie lililobaki, na usinifichie kwa ajili ya mtihani. Na nambie kama alisema neno juu yangu. Hilo ndilo nnalolitaka kuliko yote. Kama hakuwa radhi nami nambie hivyo hivyo.

Miraji


Unguja, mwezi wa Rajabu, sawa na 14 Februari 1957

Mwanangu, kipande cha ini langu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ndiyo, nimo katika eda. Baba yako alifariki Jumamosi alasiri, mwezi wa Novemba, na kabla ya magharibi tulikuwa tumekwisha mzika. Hata ningekupigia simu ya upepo usingeliwahi hata matanga. Ami yako Silima na wazee wakakaa, wakasema mtoto yuko peke yake ugenini na mtihani uko mbele, aambiwe akimaliza. Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana. Lakini mkono wangu ulikataa kukuandikia kwamba anakusalimu. Niliandika mpaka ukingoni makusudi, kwa sababu nisingeweza kuitazama ile nafasi.

Kikohozi kiliingia mapafuni. Alilazwa hospitali yake mwenyewe, wenzake wakamhudumia kama mfalme, akasema anataka kulala kwake. Wakamleta. Siku zake za mwisho homa ilimpanda akawa anaweweseka.

Sasa nakuandikia lililo kweli. Radhi hakuitamka. Silima alinambia nikuandikie kwamba aliitamka, neno dogo tu, upate kutulia. Lakini wewe umesomea kujua nani anaongopa. Jina lako hakulitaja. Na ninaona haya kukwambia alichokuwa akikitaja. Alikuwa akisema mambo ya gari. Nyumba imejaa wageni, wanasoma Yasini, yeye anasema, "Ngomeni, mbele ya Ngome, hapo hapo." Namuuliza Ngomeni kuna nini, hanijibu. Kidogo anasema, "Ingiza kiti ndani, bibi, linapita hilo! Miguu! Miguu!" Wageni wanatazamana. Mara, "Buibui linashika moto, zima, zima!" nami najikagua buibui langu kama mwendawazimu. Kisha akaanza kucheka, na mapafu yale, anacheka mpaka machozi, anasema, "Shukeni, shukeni, gari limechoka, sukumeni!"

Nikaona haya, mwanangu. Nikamziba mdomo kwa kiganja changu hiki. Nikamwambia, "Baba Miraji, mtaje Mungu, waache magari." Akanitazama kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa maneno. Nikaondoa mkono. Basi akanita kwa jina langu. Unajua tangu tuoane hajanita jina, mimi ni "wee bibi" na ulipozaliwa ni mama Miraji. Akasema, "Wanu." Nikaitika, "Naam." Akasema tena, "Wanu." Nikamwambia, "Naam, nipo hapa." Akatulia kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nikamsomea shahada sikioni, midomo ikanifuata. Hayo ndiyo yaliyokuwa.

Koti lake lilikwenda na mwosha, kama ilivyo ada, na nadhani bahasha yako ilikwenda nalo, sikukumbuka kutazama. Sikujua ndani mlikuwa na nini. Nisamehe.

Nyumba ni kubwa sana. Naogopa kukohoa.

Mama yako


Kampala, 5 Machi 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Mungu amrehemu baba, na akupe subira wewe uliyekuwa naye na mimi ambaye sikuwapo. Waislamu wachache wa hapa tulikaa Alhamisi tukamsomea khitma katika chumba changu, Waganda na Wasomali, hakuna hata mmoja aliyemjua. Yule mwenzangu wa udaktari alikuja. Alilia kuliko mimi.

Kisha nikaisoma barua yako, na mama, nakuomba ukae chini.

Ile bahasha ilikuwa na maswali matano. Nayajua kwa moyo. La kwanza: "Baba, gari lilianzia wapi hasa?" La pili: "Ni kweli lilipita karibu na milango ya watu, na wenye nyumba walifanyaje?" La tatu: "Ripoti zinataja cheche za moto. Wewe uliona nini?" La nne: "Injini iliposhindwa na mlima, abiria walifanya nini?"

Soma tena ulichoniandikia. Ngomeni, mbele ya Ngome. Ingiza kiti ndani, bibi. Buibui linashika moto. Shukeni, sukumeni.

Hakuwa anaweweseka. Alikuwa ananijibu. Kwa mpango, moja baada ya moja, kama alivyokuwa akipanga chupa zake za dawa. Na wewe ulikuwa huyajui maswali, kwa hiyo hukuweza kunitungia jibu hata ungetaka. Mwalimu wangu angesema ushahidi wa namna hii haupatikani mara mbili. Mimi nililia tu, katikati ya maktaba, watu wakanyanyua vichwa.

Usijilaumu kwa ule mkono. Mtu yeyote angemnyamazisha. Majibu manne nimeyapata, na mtu asiye radhi nawe hakujibu akiwa na pumzi za kuhesabu. Sitaki tena hizo sentensi za chini ya barua.

La tano hakulifikia. Lilikuwa dogo, nililitia mwisho ili nimchekeshe: "Mara ya kwanza ulipanda na nani?" Hilo limekwenda naye, na si neno. Insha sasa ina watu ndani yake. Mtihani unaanza wiki ijayo, nami nitakaa nao.

Mwanao,
Miraji


Unguja, mwezi wa Mlisho, sawa na 27 Machi 1957

Mwanangu Miraji,

Assalamu alaykum. Nimetoka eda. Nimeogeshwa, nimevalishwa, Bi Kidawa kanitia marashi yako mpaka nikapiga chafya. Ramadhani hiyo inaingia, watu wanazungumza vunjajungu, na mimi natakiwa nizungumze nao. Nimejitahidi.

Mara ya kwanza kutoka nyumbani niliulizwa nataka kwenda wapi, nikasema Ngomeni. Bi Kidawa akadhani nimepata wazimu, lakini alinifuata. Nikasimama pale mbele ya Ngome. Hakuna kitu, hata alama. Nimesimama hivyo hivyo mpaka jua likanichoma.

Unasema swali lako la tano hakulifikia. Miraji, wewe umesoma, lakini hili huwezi kulijua, kwa kuwa hakuna aliyelijua ila sisi wawili.

Ilikuwa Idi, nami mtoto sijaota hata meno yote ya mbele. Bibi yangu alinichukua kwenda kutembea Bububu kwa gari. Nyumba ya nyuma yetu palikuwa na kitoto cha kiume kinachokaa kwa shangazi yake, kimevaa kofia mpya ya Idi, kinalia kinataka kwenda. Bibi akakichukua. Tukakaa ubao mmoja. Gari likaanza kutema cheche, zikawa zinaanguka juu ya ukaya niliojitanda kichwani, nikapiga kelele. Yule mtoto akavua kofia yake mpya akanivika, akaishikilia kwa mikono miwili mpaka Bububu. Ilipata tundu hapa na hapa. Aliporudi alipigwa kwa ile kofia, na hakusema ilikuwa kichwani kwa nani.

Kisha wao wakahama mtaa, nami nikawekwa ndani kama mabinti wote. Siku ya harusi aliponifunua uso, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kichwa kilipona?" Tulicheka mpaka somo, yule kungwi wangu, akagonga mlango. Tukakubaliana tusimwambie mtu, maana watu wangesema tulijuana. Ndiyo nikawa nasema miaka yote hii kwamba tulionana siku ya harusi, na yeye akisikia anaguna. Nilidhani kwa uzee ameshasahau gari hilo.

Nilidhani ananita, mwanangu. Nikamwitika naam, naam. Kumbe alikuwa anakujibu wewe.

Liandike katika insha yako, sioni haya tena. Na chini hapa nimeacha nafasi, nayo nitaiacha kila barua.

Mama yako,
Wanu